Namna ya Kuhoji Gharama za Kupambana na Ugaidi Ukiwa Lamu

Mwananchi wa Lamu, pwani ya Kenya, anayetaka kujua fedha za kupambana na ugaidi zimefanya kazi gani aanze kwa kulipeleka swali lake panapostahili. Usalama ni jukumu la Serikali ya Kitaifa, kwa hiyo kumbana mwakilishi wa wadi kuhusu kambi za wanajeshi ni kupoteza muda. Mwenye kuulizwa ni mbunge, na wakati mwafaka ni kabla ya mwaka wa fedha kwisha tarehe 30 Juni, makadirio ya bajeti yakiwa bado yanajadiliwa.

Kisha chukua ahadi iliyotolewa hadharani uipime kwa matokeo. Mwaka 2015 Operesheni Linda Boni, ya kuwasaka wapiganaji wa Al-Shabaab katika Msitu wa Boni, ilitangazwa kuwa ya siku 90, lakini miaka ikapita wanajeshi wangali msituni. Kuchelewa peke yake si ushahidi wa ubadhirifu, kwani msitu ule ni mpana na unakaribiana na Somalia. Hata hivyo, kila nyongeza ya muda ilistahili maelezo mapya ya lengo na gharama. Mwaka 2019 wabunge walionyesha njia walipopitisha hoja ya kusimamisha ujenzi wa ua wa mpakani kati ya Kenya na Somalia, baada ya kuelezwa kwamba zaidi ya shilingi bilioni 3 zilikuwa zimetumika kwa takriban kilomita 10, ilhali mpaka wenyewe unakaribia kilomita 700.

Usidai usalama kamili, kwa sababu hakuna awezaye kuutoa. Tarehe 5 Januari 2020 kambi ya Manda Bay huko Lamu, yenye wanajeshi wa Kenya na wa Marekani, ilivamiwa na Wamarekani watatu wakauawa. Itakuwaje basi kijiji kisicho na ulinzi? Swali lenye manufaa ni msaada huchukua muda gani kufika. Huko Mpeketoni, katika kaunti hiyo hiyo ya Lamu, mnamo Juni 2014, washambuliaji waliendelea kuua kwa saa nyingi, na watu zaidi ya 60 wakapoteza maisha.

Hesabu pia gharama isiyoandikwa katika bajeti. Baada ya mauaji hayo ilitangazwa kafyu, na wavuvi wakazuiwa kwa miaka kadhaa kuvua usiku. Kwa maoni yangu, mapato waliyoyakosa ni sehemu ya bei ya usalama sawasawa na mafuta ya magari ya doria, ingawa hayakaguliwi na yeyote.

Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inakuruhusu kuandika ombi kwa Kiswahili, na ofisi husika inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Kwa kuwa sheria hiyo hiyo inalinda siri za usalama wa taifa, usiulize idadi ya askari wala silaha. Uliza mkandarasi aliyelipwa, kazi iliyokamilika, na shule za wadi ya Basuba zilizofungwa kwa sababu ya ukosefu wa usalama zimetengewa nini. Ukinyimwa jibu, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ukiambatisha nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.