Kabla antibiotiki haijaingia bwawani: maandalizi kwa wafugaji wa samaki Mtwara na Lindi

Samaki aliyezidiwa na ugonjwa hali chakula, na antibiotiki humfikia kupitia chakula. Kwa hiyo ukisubiri mpaka perege waanze kuelea, dawa utakayonunua itawafikia wachache tu. Mengi yanatakiwa yawe tayari mapema, hasa kabla ya msimu wa korosho, wakati maji yanazidi joto na watu wote wa nyumbani wako shambani.

La kwanza ni daftari. Andika idadi ya vifaranga uliopandikiza na wanaokufa kila siku. Kila wiki mbili vua samaki 30, wapime pamoja, kisha gawanya upate wastani. Bila uzito huo dozi ni kubahatisha. Chukua perege 1,000 wa gramu 200 kila mmoja: ni kilo 200. Daktari wa mifugo akiandika oksitetrasiklini (aina ya antibiotiki) miligramu 75 kwa kila kilo ya samaki kwa siku, zinahitajika gramu 15 za dawa halisi. Kama unga una asilimia 20 ya dawa, pima gramu 75. Samaki wenye afya wangekula kilo 6 (asilimia 3 ya uzito wao), lakini wagonjwa huenda wakamaliza 3 tu. Basi gramu 75 zote ziingie kwenye kilo hizo 3. Hapo ndipo wengi hukosea: wanachanganya kwenye kilo 6, nusu inabaki majini, samaki wanapata nusu dozi, na bakteria wanaobaki hai ndio wanaojenga usugu. Daktari akisema siku 10, ziwe 10, hata vifo vikikoma siku ya nne.

Andaa mizani ya kupima gramu na ndoo ya kazi hiyo peke yake. Ndoo au pampu iliyobeba dawa ya mikorosho isiguse chakula cha samaki. Unga ushikishwe kwa mafuta ya kula, kama mililita 30 kwa kilo ya chakula, kisha ukaushe kivulini. Jua huharibu oksitetrasiklini. Usimwage dawa moja kwa moja bwawani: utaua bakteria wanaosafisha amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki), na bado samaki hawatapata ya kutosha.

Kabla ya kulaumu bakteria, tazama maji. Samaki wakihema juu alfajiri, tatizo ni oksijeni: acha kulisha, ingiza maji mapya. Nyuzi kama pamba mwilini mara nyingi ni ukungu. Kujikuna kwenye kingo mara nyingi ni vimelea wa ngozi. Antibiotiki haitibu lolote kati ya hayo. Macho kutokeza, kuogelea kwa kuzunguka, vidonda vyekundu na tumbo kujaa maji huelekeza kwenye bakteria, ila thibitisha. Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA) una kituo Mtwara. Peleka samaki mgonjwa aliye hai, au aliyekufa muda huohuo akiwa kwenye barafu, na umpeleke kabla ya dozi ya kwanza. Aliyeoza ana bakteria wengine kabisa.

Wafugaji wa mwatiko kwenye maji ya chumvi wamweleze daktari hivyo tangu mwanzo, kwa sababu kalsiamu na magnesiamu ya bahari hushikamana na oksitetrasiklini na kuipunguzia nguvu. Anayerutubisha bwawa kwa mbolea ya kuku aulize kwanza kuku hao walitibiwa kwa dawa gani na lini, maana mabaki ya dawa huja na kinyesi.

Antibiotiki za kloramfenikoli na nitrofurani usikubali kuuziwa kwa bei yoyote. Hazifai kwa samaki wa kuliwa.

Mwisho, panga siku za kusubiri kabla ya kuvua. Fuata lebo. Ikiwa lebo haikutaja samaki, muulize daktari. Kanuni ya Ulaya hadi Januari 2022 ilikuwa kuzidisha joto la maji kwa idadi ya siku mpaka kufika angalau 500, yaani siku 18 kwenye nyuzi joto 28. Tarehe ya mwisho wa kusubiri iandike kwenye kibao kando ya bwawa, kwa sababu anayekwenda kuvua kitoweo jioni hafungui daftari.