Jinsi ya kunukuu rekodi za sauti na video ndani ya kompyuta yako bila kuzituma popote

Mtu anayekaa nawe saa nzima akikueleza habari za ugonjwa wake, kesi yake au mwajiri wake amekuamini wewe, wala hajaiamini seva asiyoijua. Hata hivyo tovuti nyingi za kunukuu, yaani kugeuza matamshi kuwa maandishi, hukutaka upakie rekodi yake kwenye mitambo ya watu wengine, ambako huwezi kuhakiki imekaa muda gani wala nani ameisikiliza. Njia ninayoieleza hapa ndiyo ninayoitumia kwa mahojiano yote ninayokabidhiwa, na inafaa kwa yeyote mwenye kompyuta ya kawaida na subira kidogo. Nimegundua kwamba programu yenyewe ndiyo sehemu nyepesi: siri huvuja kabla na baada ya unukuzi, na kosa baya zaidi hujificha katika sentensi inayosomeka vizuri.

Kiini cha kazi ni Whisper, modeli ya kutambua matamshi iliyotolewa na OpenAI mwezi wa Septemba 2022 kwa leseni huria ya MIT. Kampuni hiyo huuza pia huduma ya kunukuu mtandaoni, lakini modeli unayoipakua ni faili linalokaa kwenye diski yako na halihitaji kuwasiliana na mtu yeyote ili lifanye kazi. Georgi Gerganov aliiandika upya programu ya kuiendesha kwa lugha ya C na C++, akaiita whisper.cpp, na kwa sababu hiyo huhitaji kadi ya michoro ya bei kubwa. Prosesa ya kawaida inatosha, ila itachukua muda zaidi.

Hatua ya kwanza: andaa mahali pa kuweka rekodi

Usiipokee rekodi kabla ya kujua itakaa wapi. Hakikisha diski nzima imesimbwa, yaani data yake haisomeki bila ufunguo, kwa BitLocker kwenye Windows, FileVault kwenye macOS au LUKS kwenye Linux. Ikiwa kompyuta yako haina uwezo huo, tengeneza hifadhi iliyofungwa kwa nenosiri ukitumia VeraCrypt. Jambo hili linafanywa mwanzoni kwa sababu mahususi: kwenye diski za SSD, faili ulilolifuta linaweza kuendelea kuwapo katika chipu kwa muda, na huna njia ya uhakika ya kulifuta peke yake. Lakini data iliyoandikwa ikiwa imesimbwa haimfai kitu mtu asiye na ufunguo.

Kisha tengeneza folda ya kazi nje ya folda zote zinazonakiliwa mtandaoni zenyewe. Kosa hili nimelifanya mimi. Nilinukuu mahojiano nyeti huku intaneti ikiwa imezimwa, nikajiona mwangalifu sana, kumbe folda ya “Nyaraka” niliyotumia ilikuwa imeunganishwa na hifadhi ya mtandaoni tangu siku niliyoinunua kompyuta. Nilipowasha intaneti jioni ile, rekodi na maandishi yake vilipanda pamoja bila kuniuliza. Siku hizi folda yangu inaitwa kazi, iko moja kwa moja chini ya folda yangu binafsi, na nimefungua mipangilio ya programu ya kunakili kuona kwa macho yangu kwamba haimo. Simu iliyotumika kurekodi nayo ichunguzwe, maana nyingi hupeleka rekodi mtandaoni mara tu zinapopata Wi-Fi.

Hatua ya pili: sakinisha kila kitu kabla rekodi haijafika

Intaneti unaihitaji hapa tu. Sakinisha ffmpeg, ambayo hubadili aina za mafaili ya sauti na video, pamoja na git ya kupakulia msimbo, na cmake na kikusanyaji cha C++ vya kuugeuza kuwa programu. Kisha fungua dirisha la amri na uandike:

git clone https://github.com/ggml-org/whisper.cpp.git
cd whisper.cpp
cmake -B build
cmake --build build -j --config Release
sh ./models/download-ggml-model.sh medium

Anayeogopa dirisha la amri anaweza kutumia Buzz, programu huria yenye vitufe inayoendesha modeli hizohizo kwenye Windows, macOS na Linux. Mengi ya yanayofuata yanamhusu yeye pia, ila achunguze katika mipangilio kwamba hajachagua njia inayotuma sauti kwa huduma ya mtandaoni, kwa kuwa chaguo hilo nalo limo.

Kuhusu uchaguzi wa modeli, ndogo kabisa ni tiny yenye MB 75, ikifuatiwa na base, kisha small yenye MB 466, medium yenye takriban GB 1.5, na large yenye karibu GB 3. Kwa Kiingereza kinachosikika vizuri, small hukidhi haja. Kwa Kiswahili sivyo. Modeli ya kwanza ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, na kati ya hizo ni saa 117,000 tu zilizogawanywa, bila usawa wowote, kwa lugha 96 zisizo Kiingereza. Modeli ndogo ndizo zinazoonyesha pengo hilo waziwazi: husikia silabi vizuri lakini huzikata mahali pasipo sahihi, hivi kwamba kitenzi kimoja hutoka kama maneno matatu. Mimi huanzia medium, ambayo huhitaji RAM ya GB 2 na ushee, na hupanda hadi large-v3 pale kompyuta inapomudu GB 4 hivi. Toleo la large-v3-turbo la mwaka 2024 lina kasi kubwa zaidi kwa sababu sehemu yake ya kuzalisha maandishi imepunguzwa kutoka tabaka 32 hadi 4. Lijaribu kwenye rekodi zako kabla ya kulitegemea. Modeli ambayo jina lake linaishia na .en inajua Kiingereza pekee, kwa hiyo usiipakue.

Hatua ya tatu: zima intaneti, kisha toa sauti kwenye rekodi

Zima Wi-Fi na uchomoe waya wa mtandao kama upo. Mbali na usalama, huu ni ushahidi: kazi ikikamilika katika hali hiyo, huna haja ya kuamini tangazo la mtu kuhusu faragha. Weka rekodi katika folda ya kazi, ingia humo kwenye dirisha la amri (kwa cd) na uigeuze kuwa aina ambayo Whisper hutumia, yaani WAV ya chaneli moja yenye sampuli 16,000 kwa sekunde:

ffmpeg -i mahojiano.mp4 -vn -ar 16000 -ac 1 -c:a pcm_s16le mahojiano.wav

Kipengele cha -vn huacha picha na kubakiza sauti. Saa moja ya rekodi hugeuka faili la MB 115 hivi. Ikiwa sauti ya msemaji mmoja ni hafifu kuliko ya mwenzake, ongeza -af loudnorm kabla ya jina la faili la mwisho, lakini usitarajie miujiza. Kinasa sauti kilichowekwa mbali na mdomo hakiponywi na amri. Kama kila msemaji alikuwa na maikrofoni yake kwenye chaneli yake, andika -ac 2 badala ya -ac 1, kwa kuwa baadaye utaweza kuongeza -di ili programu ionyeshe nani alisema nini. Pasipo hilo, utawatenganisha wasemaji wewe mwenyewe wakati wa kusikiliza.

Hatua ya nne: nukuu kipande, kisha rekodi nzima

Usiiache kompyuta usiku kucha kabla ya kuijaribu kwa dakika tatu. Amri ifuatayo huanza dakika ya kumi, wakati wasemaji wamekwisha kuzoeana na wanazungumza kwa kasi yao ya kweli. Hesabu ni za milisekunde, na amri hii iandikwe ukiwa umerudi katika folda ya whisper.cpp:

./build/bin/whisper-cli -m models/ggml-medium.bin -l sw -ot 600000 -d 180000 -f ../kazi/mahojiano.wav

Angalia sana -l sw, inayoiambia programu kwamba lugha ni Kiswahili. Ukiisahau, programu hudhani rekodi ni ya Kiingereza, na itakupa Kiingereza cha ajabu au tafsiri ambayo hukuiomba. Matokeo yakiridhisha, ondoa -ot na -d pamoja na namba zake, kisha ongeza -otxt na -osrt. Utapata faili la maandishi matupu na faili la manukuu lenye saa na dakika za kila sentensi. Hilo la pili ndilo lenye thamani, hata kama hutaweka manukuu kwenye video yoyote, kwa sababu litakurudisha mahali hasa neno liliposemwa.

Majina ya watu, ya mahali na istilahi za fani huandikwa kwa kubahatisha. Unaweza kuyatanguliza kwa --prompt, ukifuatisha sentensi fupi yenye majina hayo ndani ya alama za kunukuu, ingawa athari yake hufifia kadiri rekodi inavyoendelea. Kompyuta isiyo na kadi ya michoro inaweza kuchukua muda mrefu kuliko rekodi yenyewe, na hilo si dalili ya hitilafu.

Hatua ya tano: sikiliza tena, ukiwa na maandishi mkononi

Hapa ndipo kazi ilipo. Whisper husikia sauti kwa vipande vya sekunde 30 na kukisia maneno yanayofuatana kwa uwezekano, kwa hiyo haiachi pengo inaposhindwa kusikia, hujaza. Kwenye ukimya, makofi au muziki inaweza kuandika sentensi ambayo hakuna aliyeitamka, au kurudia kishazi kimoja mara ishirini mfululizo. Marudio hayo hupungua ukiongeza -mc 0, inayoizuia programu kuegemea ilichokwisha kuandika. Jambo la kushukuru ni kwamba makosa ya aina hiyo yanaonekana kwa macho.

Yasiyoonekana ndiyo ya kuogopa, na Kiswahili kina mahali pake pa hatari. Ukanushi wetu mara nyingi hubebwa na silabi moja mwanzoni mwa neno, silabi ambayo msemaji mwenye haraka huimeza. Shahidi anasema “hawakunilipa”, maandishi yanasema “wakanilipa”, na sentensi zote mbili ni fasaha. “Sikumwona” hugeuka “nikamwona” kwa njia hiyohiyo. Fedha nazo zina mtego wake: kati ya “elfu mia mbili” na “elfu na mia mbili” kuna “na” moja tu, lakini ya kwanza ni 200,000 na ya pili ni 1,200. Kwa sababu hiyo mimi hupitia kila kitenzi cha kukanusha na kila hesabu kwa sikio, nikiwa nimevaa vipokea sauti, na kasi ya rekodi ikiwa imepunguzwa kidogo katika VLC, programu ya kuchezea sauti na video. Nikishindwa kusikia naandika [haisikiki] pamoja na dakika yake, wala sikubali kisio la mashine kwa kuwa tu linapendeza.

Wasemaji wanaochanganya lugha huisumbua zaidi, kwani programu inaelekezwa kwa lugha moja. Kipande cha lugha ya pili kinaweza kuandikwa kwa tahajia ya Kiswahili au kufasiriwa kimyakimya. Kama mchanganyiko ni wa dakika nzima nzima, nukuu sehemu hizo peke yake kwa -ot na -d huku ukibadili lugha; kama ni neno moja moja, sahihisha kwa mkono.

Hatua ya sita: ondoa mabaki

Futa faili la WAV, vipande vya majaribio na maandishi ghafi, kisha mwaga pipa la taka. Kagua pia mahali ambapo kihariri chako huweka nakala za dharura, na uzime hifadhi ya mtandaoni ndani ya programu ya kuandikia kabla ya kufungua maandishi, si baada. Vivyo hivyo kwa kisahihishi cha tahajia kinachotegemea mtandao, na kwa tabia iliyoenea ya kubandika maandishi katika roboti ya mazungumzo ili “iyasafishe”: ukifanya hivyo, kila ulichokilinda tangu hatua ya kwanza kimeondoka nyumbani kwa mguu wake.

Majina halisi badilisha kwa alama kama M1 na M2 katika nakala utakayokabidhi. Orodha ya nani ni nani ihifadhiwe katika hifadhi nyingine iliyosimbwa, mbali na maandishi, na rekodi ya awali ama ibaki humo au ifutwe, kulingana na ulivyokubaliana na mhojiwa kabla hujabonyeza kitufe cha kurekodi.