Mbwa wa kulinda mbuzi hulelewa zizini

Mchukue akiwa na wiki 8, umlaze zizini na mbuzi usiku uleule. Wangu, Simba, nilimtengea kona kwa fito karibu na wanambuzi, anuse harufu yao hata usingizini. Watoto niliwakataza kumbeba kumleta jikoni. Iliniuma kumsikia akilia, lakini mbwa akizoea watu kuliko mbuzi, fisi akija atakimbilia mlangoni kwako.

Mlishe hapohapo zizini. Mimi hutoa ugali na maziwa, asubuhi na jioni. Maini au mapafu mabichi yenye vifuko vya maji usimtupie kamwe. Humpa minyoo ya tegu, na mayai yake yakimwingia mtu humletea uvimbe wa ini. Chanjo ya kichaa cha mbwa apate akiwa na miezi 3, kisha irudiwe.

Akikaribia mwaka ndipo atakapokusumbua: atakimbiza wanambuzi kwa mchezo na kuwavuta masikio. Mkemee papo hapo, usimpige. Simba nilimweka na beberu mkali siku kadhaa, akashika adabu.

Malishoni aende na mchungaji. Kazi yake ni kubweka mapema na kusimama kati ya kundi na adui. Duma mara nyingi huondoka. Ndiyo maana huko Namibia, Cheetah Conservation Fund, shirika la kuhifadhi duma, imewapa wafugaji mbwa wa Anatolia, aina ya mbwa wa kulinda mifugo kutoka Uturuki, tangu 1994. Kwa simba wa porini, boma imara bado linahitajika.

Jioni hesabu mbuzi, kisha mkague mbwa nyayo na masikio, umtoe miiba na kupe.