Marvel Ultimate Alliance 3: jinsi ya kumwangusha bosi asiyeshuka damu

Mpwa wangu alinipigia simu akiwa amekwama Fisk Tower, jengo la bosi aitwaye Kingpin kwenye gemu hii (bosi ni yule adui mkubwa unayepaswa kumshinda ili usonge mbele). "Mjomba, huyu Kingpin nampiga weee, damu haishuki!" Nilimwelekeza kwa simu mpaka akapita, na kwa kuwa wengi wanaoanza gemu hii hukwama kwa namna ileile, nimeona niyaandike yote hapa.

Gemu yenyewe ni Marvel Ultimate Alliance 3: The Black Order, ya Team Ninja, iliyotoka Julai 2019 kwa Nintendo Switch. Unaongoza mashujaa wanne kuyawahi Mawe ya Infinity, mawe yenye nguvu kubwa mno, kabla mhalifu Thanos na watu wake hawajayakusanya.

Hatua ya 1: Mipangilio

Chagua ugumu wa Mighty. Friendly ni rahisi mno: mabosi wa mwanzo wanakufa kabla hujajifunza chochote, halafu ukifika mbele unaanza kuteseka. Kamera weka ile ya mbali inayotazama kutoka juu. Ya mgongoni inapendeza kwa macho, lakini anayekujia kwa nyuma humwoni. Mkicheza wawili, zile pedi mbili ndogo za Switch zinatosha, kila mtu na yake. Msiachane mbali tu, maana kamera haitawafuata wote.

Hatua ya 2: Timu

Mashujaa ni wengi na kila sura inakuletea wengine, kwa hiyo kishawishi cha kubadilisha kila saa ni kikubwa. Usibadilishe. Chagua wanne, uwaongezee wawili wa akiba, ubaki nao hao. Levo ndiyo kila kitu kwenye gemu hii: shujaa aliyeachwa levo chache nyuma anaangushwa kwa mapigo mawili matatu.

Mimi nataka mmoja mzito kama Hulk au Thor, mmoja wa kupiga kwa mbali kama Star-Lord, na wawili wepesi wa kuingia na kutoka. Captain America namweka kila mara. Rocket na Groot wanahesabiwa shujaa mmoja, kwa hiyo ukiwachukua hujamaliza nafasi mbili. Kisha angalia bonasi za timu: mashujaa wa kundi moja, kwa mfano Avengers au X-Men, wakiwa pamoja wanaongezewa nguvu, na kadiri wanavyokuwa wengi ndivyo bonasi inavyopanda.

Hatua ya 3: Maabara

Ule ubao wa pembesita kwenye menyu ya Maabara wengi wanaupita bila kuufungua. Ufungue na utumie pointi zako zote pale kwanza, maana unachonunua kinawafaidia mashujaa wote, hata ambao hujawapata bado. Majaribio ya Infinity, yaani mapambano ya ziada, yanakupa vibonge vya uzoefu vya kupandisha levo. Wape walio nyuma. Fuwele za ISO-8, zile unazomvisha shujaa kumwongezea nguvu, ukikuta dhaifu zivunje, uimarishe nzuri.

Hatua ya 4: Mstari wa zambarau

Hapa ndipo alipokwama mpwa wangu, kwa hiyo soma polepole.

Bosi ana mstari wa damu, yaani uhai wake, na chini yake mwingine wa zambarau. Ule wa zambarau ukiwa bado umejaa, bosi hayumbi. Unampiga anaendelea na shambulio lake kama hukumgusa, na damu inapungua kidogo sana. Ukiukata wote, analegea na kubaki wazi kwa sekunde chache, na hapo kila pigo linakula damu kwelikweli. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza siku zote ni huo mstari. Damu inafuata baadaye.

Mapigo mepesi yanaukata kidogo mno, hata ukibonyeza mpaka kidole kianze kuuma. Unaukata kwa mapigo mazito na kwa uwezo maalumu, yaani R pamoja na moja ya batani nne. Uwezo haufanani: mmoja unaumiza damu, mwingine unavunja mstari, na kwa mtu mkubwa kama Hulk utaona tofauti papo hapo.

Cha kuvunja kuliko vyote ni mashambulizi ya pamoja, pale wawili wanapounganisha uwezo wao. Alama ndogo kwenye uwezo zinaonyesha nani anaoana na nani. Ukiunda timu isiyooana, umejinyima silaha bora, na ndiyo maana mimi naangalia alama hizo kabla ya kuangalia jina la shujaa.

Sasa jambo linalosahaulika. Kila shujaa ana nishati yake mwenyewe. Wale watatu usiowashika, kompyuta inawachezesha kwa ubahili, kwa hiyo mara nyingi nishati yao iko pale imejaa. Nishati ya Thor ikiisha, usikae unasubiri. Hama kwa batani za mishale, mshike mwingine, mwaga uwezo wake, hama tena. Kingpin alianguka tulipofanya hivyo tu, bila kuongeza levo hata moja.

Na yale mashambulizi makubwa ya L na R kwa pamoja? Yatunze. Watu wanayarusha mara tu yanapojaa, mstari ukiwa mzima, na nusu ya thamani yake inapotea. Subiri mstari uvunjike, bonyeza, kisha endelea kubonyeza ili na wenzako waliojaa waingie. Wanne wakiingia kwa pamoja, bosi wa kawaida anapoteza kipande kikubwa cha damu kwa mkupuo mmoja.

Ukikawia, mstari unajaa upya. Akianza kuinuka, rudi nyuma, ukwepe, uanze kukata tena. Usijaribu kumalizia damu kidogo iliyobaki kwa mapigo mepesi. Hapo ndipo timu nzima inapolala.

Hatua ya 5: Kufufua

Kufufua kuna kikomo, na anayefufua hawezi kujikinga. Akianguka mmoja wakati bosi amelegea, endelea kupiga. Wakianguka wawili, tumia nafasi hiyohiyo kuwainua, hata kama inauma kuiacha damu. Na kila ukikuta kituo cha S.H.I.E.L.D. njiani, sevu na upange timu upya kabla hujafungua mlango unaofuata.