Somo: Kigezo kipo kwenye anwani, lakini PHP inakisoma vibaya

Habari zenu wakuu. Juzi nilikesha na ukurasa wa kutafuta oda kwa namba ya simu. Namba zinazoanza na 0 zilipatikana, zinazoanza na +255 hata moja haikuonekana. Nikapekua hifadhidata usiku kucha, kumbe kosa liko kwenye anwani ya ukurasa (URL), ambako kigezo, yaani jina na thamani kama `simu=…`, hupitishwa kwa PHP, lugha inayoendesha ukurasa kwenye seva. Naliweka hapa ili mwingine asikeshe.

Hatua ya 1. Usibadilishe kitu bado. Weka mistari hii juu kabisa ya skripti:

```
var_dump($_SERVER['QUERY_STRING']);
var_dump($_GET);
```

Wa kwanza unaonyesha kilichofika kwenye seva kama kilivyo, wa pili unaonyesha PHP ilivyokielewa. Kwangu wa kwanza ulisema `simu=+255…`, wa pili `" 255…"`. Tazameni hiyo nafasi baada ya alama ya kufungua. Baada ya alama ya kuuliza, + husomwa kama nafasi. Urefu ulibaki herufi 13 zilezile, na kwa `echo` nisingeona kitu, maana kivinjari humeza nafasi ya mwanzo.

Hatua ya 2. Hakiki majina. `Simu` na `simu` ni vigezo viwili tofauti, na nukta kwenye jina hugeuzwa: `namba.simu` inafika kama `namba_simu`.

Hatua ya 3. Tibu pale kiungo kinapotengenezwa. Fomu ya kawaida hujisimbia yenyewe, yaani hugeuza alama maalumu kuwa misimbo ya %. Kiungo changu nilikiunga kwa mkono kwenye barua pepe, kwa hiyo nilipaswa kukisimba mwenyewe.

```
$kiungo = 'tafuta.php?simu=' . urlencode($simu);
```

Sasa + inasafiri kama %2B. Na & inakuwa %26, vinginevyo "Juma & Wanawe" itakatikia kwa Juma. Kwenye JavaScript tumia `encodeURIComponent`.

Tafadhali msirudishe + kwa `str_replace` upande wa kupokea, mtaharibu majina yenye nafasi halali. Wala msifanye `urldecode($_GET['simu'])`: PHP imeshafungua mara moja, mkifungua tena + inageuka nafasi upya.

Hatua ya 4. Pokea kwa `$_GET['simu'] ?? ''` (kuanzia PHP 7). Ikienda kwenye hifadhidata, tumia `prepare` (hutenganisha amri na data, mgeni asipenyeze amri zake). Ikienda kwenye ukurasa, `htmlspecialchars` (mgeni asipenyeze HTML yake). Hili halina mjadala.

Maswali

*Mkuu, `$_GET` yangu ni tupu kabisa. Anwani inaishia na `#id=7`.*

Kinachofuata # hakitumwi kwenye seva, kinabaki kwenye kivinjari. Weka ? badala yake.

*Nimerithi skripti ya zamani inayoandika `$id` tu, bila `$_GET`. Tumehamia seva mpya, haisomi kitu.*

Ilitegemea `register_globals`, mpangilio wa zamani uliogeuza vigezo vya anwani kuwa vigeu vya skripti moja kwa moja. PHP 4.2.0 iliizima mwaka 2002, na toleo la 5.4 likaiondoa kabisa mwaka 2012. Pitia kila kigezo ukiandike upya. Ukishawishika kuweka `extract($_GET)`, acha: mgeni yeyote ataweza kubadilisha vigeu vyako kupitia anwani.

*Kwenye .htaccess (faili ya mipangilio ya seva ya Apache) nina `RewriteRule ^bidhaa/([0-9]+)$ bidhaa.php?id=$1 [L]`. `id` inafika, ila nikiongeza `?rangi=nyekundu` inapotea.*

Kanuni yako ina ? yake, kwa hiyo Apache inatupa vigezo alivyoandika mgeni baada ya ?. Andika `[L,QSA]`, zitaungana.

*Imekubali mkuu, rangi inasomeka. Shukrani.*