Kabla hujalipia gari la mkononi, lisikilize likiwa la baridi

Ukienda yadi kuangalia gari, nenda asubuhi na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, rudi kesho. Injini inayogonga mara nyingi hujisema sekunde za mwanzo, na wapo wanaomwaga oili nzito kuficha ule mlio wa ko-ko-ko.

Waranti ya mdomo haina kazi. Iandikwe kama inahusu injini na gia boksi, kwa siku ngapi, na fundi analipwa na nani.

Injini ikianza kugonga ukiwa umeshalinunua gari, rekodi video fupi yenye sauti na kilomita za dashibodi, kisha zima. Fundi wako asifungue hata nati moja kabla muuzaji hajaiona, la sivyo utaambiwa umeiharibu mwenyewe.