Kusafisha udongo uliolowa dizeli na oili chafu: mwongozo kwa gereji na mialo ya Mwanza

Udongo uliolowa dizeli kwenye uwanja wa gereji, au mwaloni pale mashine za boti zinapofunguliwa, hauhitaji mtambo wa kuagiza ng'ambo. Ndani yake tayari mna bakteria wanaokula mafuta. Mafuta huwapa kaboni tupu, hivyo wanakosa hewa, maji ya kiasi, nitrojeni na fosforasi. Kazi yako ni kuwapa hivyo, kisha kuwapa muda. Mtu akija kukuuzia unga wa bakteria kwa bei kubwa bila hata kuuliza udongo wako umeshindiliwa kiasi gani, mwache aende.

Metali haiozi, na hapo njia hii hufika mwisho. Zebaki kwenye marudio ya dhahabu (mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa) na risasi ya betri za magari zitabaki vilevile hata ukigeuza udongo miaka kumi. Mahali palipomwagwa maji ya betri patengwe, udongo wake uwekwe kwenye mapipa yenye mfuniko, na NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, iulizwe utapelekwa wapi. Oili chafu ya injini nayo hubeba metali kidogo kutokana na kusagika kwa vyuma, kwa hiyo usiruke kipimo cha risasi.

Kabla ya kuchimba

Ziba kwanza chanzo: pipa linalovuja, shimo la kumwagia oili, tenki lililotoboka. Usimwage sabuni ya unga. Sabuni huyeyusha mafuta yakashuka chini zaidi, na mvua ikija huyapeleka mtaroni, Mto Mirongo, hadi ziwani. Usichome moto.

Toboa vishimo vya majaribio kila baada ya mita 2, kuanzia katikati ya doa kwenda nje. Chukua udongo wa sentimita 20, 50 na 100. Usiunuse, hasa ukiwa na petroli, kwani benzeni yake husababisha saratani ya damu. Tia vijiko vitano vya udongo kwenye chupa safi ya kioo, jaza maji nusu, tikisa dakika moja, acha nusu saa. Mng'ao wa rangirangi ukitokea juu, uchome kwa kijiti: wa mafuta hujirudia na kuungana, wa bakteria wa chuma hukatika vipande vipande na kubaki hivyo. Maeneo mengi oevu ya kando ya ziwa yana huo wa pili, na watu huutilia shaka bure.

Sampuli za maabara ziwekwe kwenye chupa za kioo zilizojaa hadi juu, zifungwe, zikae kwenye barafu na zifike haraka. Za plastiki zinaweza kufyonza mafuta. Omba vipimo vya jumla ya mafuta yote ya jamii ya petroli, dizeli na oili, vya risasi, na vya pH, yaani uchachu wa udongo. Ofisi ya Kanda ya Ziwa ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali iko hapa Mwanza, anza kuulizia huko.

Mafuta yakizidi miligramu 50,000 kwa kilo ya udongo, yaani asilimia 5, bakteria hulemewa. Mafuta yanayotiririka yachotwe kwanza.

Kitanda

Chagua mahali palipoinuka, mbali na visima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa na mito, basi usipange lundo ndani ya eneo hilo. Anza Juni, masika yakishaisha, ili miezi ya kugeuzageuza ipite kabla mvua za vuli hazijachanganya.

Sawazisha ardhi iwe na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, ukielekea kishimo cha kukusanyia maji. Tandaza mchanga laini sentimita 10, juu yake nailoni ya milimita 1 ya kutandikia mabwawa, kisha mchanga tena sentimita 10 ili chepe lisiitoboe. Nailoni nyembamba ya ujenzi huchanika siku ya kwanza ya kugeuza, hata ukiitandika mara mbili. Inua kingo sentimita 30 kuzunguka pande zote.

Kuchanganya

Tuchukue meta za ujazo 10 za udongo, karibu tani 15, wenye mafuta asilimia 1. Hizo ni kilo 150 za mafuta. Zitahitaji takriban kilo 6.5 za mbolea ya DAP, yenye fosforasi na nitrojeni, na kilo 11 za urea, yenye nitrojeni. Usizitie zote kwa mpigo, maana chumvi na amonia huua bakteria haohao. Gawa mara nne, wiki tatu kati ya awamu na awamu, zikiwa zimeyeyushwa kwenye maji na kunyunyiziwa wakati wa kugeuza. Mafuta yakiwa asilimia 2, ongeza mara mbili, lakini awamu ziwe nane.

Vunja mabonge, toa mawe. Changanya ndoo nne za udongo na ndoo moja ya maganda ya mpunga kutoka mashine za kukobolea. Maganda ndiyo yanayoacha nafasi ya hewa, na bila hayo mfinyanzi hujifunga tena ndani ya wiki. Toroli mbili au tatu za mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri zitaongeza bakteria na kushika unyevu. Gugumaji lililokaushwa na kukatwakatwa linaweza kuchukua nafasi ya maganda, ila lisitoke karibu na mifereji ya viwanda au ya mji, kwani gugu hilo hufyonza metali.

pH ikiwa chini ya 6, tia chokaa ya kilimo kilo 1 kwa meta ya ujazo, pima tena baada ya wiki. Chokaa ikizidi, nitrojeni ya urea hupaa kama amonia.

Jenga tuta la kimo cha mita 1, upana mita 2.5 chini na 1 juu. Kwa kiasi hiki litakuwa na urefu wa mita 7 hivi. Chini yake, kila mita, pitisha bomba la plastiki la inchi 2 lenye matundu ya milimita 10, limefungwa chandarua, ncha zote mbili zikitokeza nje. Tuta la mita 2 huonekana kuokoa nafasi, lakini kwa machepe hakuna atakayeligeuza ipasavyo, na tumbo lake litakosa hewa.

Kulitunza

Geuza kila wiki mbili kwa miezi miwili, halafu kila mwezi, na pia kila unapotia awamu ya mbolea. Unyevu upime kwa kiganja: bana udongo, ukishikamana bila kudondosha maji uko sawa. Upepo wa ziwa wa Julai na Agosti hukausha tuta upesi kuliko watu wanavyodhani, na tuta kavu limelala tu, halifanyi kazi yoyote. Lifunike kwa turubai, nyunyiza kila siku tatu au nne. Maji yanayojikusanya kishimoni yarudishe juu ya tuta, yasiende mtaroni.

Harufu ya mayai viza maana yake maji yamezidi na hewa imekwisha: geuza siku hiyohiyo, ongeza maganda. Harufu kali ya amonia, acha urea awamu moja. Kama unyevu, hewa na mbolea viko sawa na kipimo cha maabara hakishuki kwa miezi miwili, huenda una oili nzito au metali nyingi.

Dizeli huchukua miezi mitatu hadi sita. Oili chafu huweza kupita mwaka na kuacha mabaki mazito. Kipimo cha maabara ndicho kinachoamua. Kabla ya kulipia kipimo hicho, otesha mbegu 20 za mahindi kwenye udongo wa tuta na 20 kwenye udongo safi. Tofauti ikiwa kubwa, bado. Udongo uliosafishwa utumike kujazia uwanja kwa ruhusa ya NEMC. Usilimie mchicha.

Kisima kilicho jirani

Mwanza udongo ni mwembamba juu ya graniti, na maji hupita kwenye nyufa. Mafuta yakifika kwenye ufa yanaweza kutokea kwenye kisima ambacho kwa macho kiko upande mwingine kabisa. Pima visima vyote vya jirani, hata vilivyo upande wa juu.

Teremsha kichotio kiangavu polepole hadi usawa wa maji. Mafuta yakielea, funga kisima kwa matumizi na waambie majirani leo. Usiwashe pampu kwa nguvu. Maji yakishuka, mafuta hushuka nayo na kujipaka kwenye mwamba, kisha huachilia kidogokidogo kwa miaka. Yachote juu kwa vitambaa vinavyonyonya mafuta na kukataa maji, hadi tabaka liishe. Maji yaliyobaki huvutwa taratibu, hupitishwa kwenye tangi la kutenganisha mafuta, hupulizwa hewa kutoa benzeni, na humalizikia kwenye kaboni amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa maalumu kwa kunasa kemikali. Mkaa wa jikoni haufai badala yake. Klorini haiondoi mafuta, na kuchemsha huhamishia mvuke wa benzeni jikoni.

Kiwango cha benzeni cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita. Lita moja ya petroli yenye benzeni asilimia 1 inatosha kuharibu zaidi ya lita 700,000. Kwa hiyo maji yasiyo na mng'ao hayajathibitishwa kuwa salama. Peleka maabara mwishoni mwa masika na mwishoni mwa kiangazi, angalau mwaka mzima, kwa sababu maji yanapopanda huosha mafuta yaliyonata juu ya usawa wa zamani, na kisima kilichokuwa safi Septemba huweza kurudi na benzeni Mei.